Bunduki ya Teddy Roosevelt: Ilitembea Kenya 1909, Ikauzwa Karibu Sh70 Milioni

Ukipita Nyansiongo siku hizi, na majani chai pande zote na pikipiki zimebeba mitungi ya maziwa, ni ngumu kuamini hizi shamba kitambo zilikuwa za masetla. Lakini muulize omogaka yeyote wa pale atakushow. Borabu ilikuwa ndani ya ile ardhi wazungu walijitengea, na ni baada ya uhuru 1963 ndio wenyeji walianza kugawiwa kupitia skimu za makazi. Ukivuka mpaka tu, uko Sotik. Na hiyo jina Sotik ndio inatuleta kwa stori ya leo: Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, na bunduki ya mitutu miwili yenye wakusanyaji wa vitu vya kale bado wanaiongelea.

Wacha tuanze mwanzo. Teddy alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, kwa familia yenye doo mob. Lakini doo haikumsaidia kupumua. Alikuwa mtoi wa pumu, mwembamba, wa kukaa kitandani akisoma vitabu za wanyama. Fathe yake akamwambia mwili ni wa kujengwa, basi jamaa akaanza kufanya mazoezi.

Akiwa kama miaka 13, fathe akampea bunduki yake ya kwanza. Ilikuwa ya marisau, ile watu huita shotigani, ya mitutu miwili, imetengenezwa Ufaransa. Shida ni kwamba mtoi alikuwa anakosa shabaha mbaya sana. Wenzake wanaona ndege juu ya mti, yeye haoni kitu. Ndio familia ikagundua macho yake ni mabovu. Alipovalishwa miwani, dunia ikafunguka. Fikiria hiyo: miaka 13 unaishi ukidhani kila mtu huona ukungu kama wewe. Msimu wa baridi wa 1872 kuingia 1873, familia ikaenda Misri, na huko mto Nile akapiga ndege, akawachuna na kuwahifadhi kama mtu wa makumbusho. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwinda Afrika.

Maisha haikumhurumia lakini. Tarehe 14 Februari 1884, mathe yake na bibi yake walikufa siku moja, ndani ya nyumba moja. Bibi alikuwa amejifungua msichana siku mbili tu kabla. Teddy akamwachia dada yake mtoto, akaishia Dakota kuchunga ng'ombe na kuwinda. Alirudi akiwa mtu mwingine. Akasimamia polisi wa New York, 1898 akapigana vita Cuba, akawa gavana, halafu naibu wa rais. Septemba 1901 Rais McKinley akauawa kwa risasi, na Teddy akaingia ikulu na miaka 42. Mpaka leo hakuna rais wa Marekani ameshika kiti akiwa mdogo kuliko yeye.

Unajua yule dubu wa kuchezea unanunulia watoto? Jina lake lilitoka kwa huyu jamaa. 1902 akiwa Mississippi walimfungia dubu kwa mti ndio apige rahisi, akakataa. Magazeti yakachora, wenye maduka wakashona dubu wa kitambaa, wakampatia jina Teddy.

Sasa tufike kwa bunduki. Machi 1909 alitoka ikulu, na hata mwezi haukuisha kabla hajapanda meli kuja huku. Ansley Fox, mwenye kampuni ya bunduki kule Philadelphia, alimpea zawadi: shotigani ya mitutu miwili ya kiwango cha juu, imechongwa maua kwa mkono. Teddy aliipenda mpaka akaisifu ndani ya kitabu alichoandika kuhusu safari yake.

Hapa wacha nikueleze kitu, juu wengi huchanganyikiwa. Saizi ya mtutu wa shotigani huitwa geji. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, ugawanye kwa goroli 12 zinazotoshana. Goroli moja ndio upana wa mtutu wa geji 12. Ukigawanya kwa 20, goroli inakuwa ndogo, na 28 inakuwa ndogo zaidi. So namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba. Ile ya .410 peke yake ndio haifuati hesabu hii, hiyo hupimwa kwa inchi.

Wanunuzi wengi zamani walitaka geji 12 juu ilifanya kazi zote. Kwa hivyo kampuni za Marekani kama Parker, L.C. Smith, Ithaca na Fox zilitengeneza hizo ndogo chache sana. Leo wakusanyaji wanapigania geji 28 na .410 za enzi hiyo kwa sababu ni adimu. Unajua ni kama nini? Ni ile noti hakuna mtu alitaka kitambo, sasa kila mtu anaitafuta.

Lakini ya Teddy ilikuwa geji 12, ile saizi ya kawaida. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na kijana wake Kermit. Msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Bunduki zake zilibebwa na Muhamed na Bakari. Juni, msafara ukatoka Kijabe kuelekea Sotik, jina ambalo enzi hizo lilibeba eneo kubwa kuliko Sotik ya leo. Walivuka nchi kavu bila maji, na mengine wakayabeba kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Na kumbuka huo ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Gusii kulia. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa Waingereza Kisii. Northcote akapona. Jeshi la KAR likaja kulipiza: watu wakauawa kwa bunduki, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Kwa hivyo wakati mzungu mmoja anapiga ndege na shotigani ya zawadi, mtu wa Gusii alikuwa anajua mlio wa bunduki kwa njia tofauti kabisa.

Safari iliisha Khartoum Machi 1910. Teddy na Kermit walikuwa wameua wanyama wakubwa 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Sehemu kubwa ilipelekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na leo kumiliki bunduki lazima upate cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Hayo mambo ya Teddy ungeyafanya sai, ungekuwa ndani.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa noma. Oktoba 1912 akiwa Milwaukee, mtu alimpiga risasi kifuani. Makaratasi ya hotuba na kasha la miwani ndani ya mfuko vilipunguza nguvu yake, na Teddy akahutubia kwanza kabla ya kwenda hosi. Yaani ile miwani ilimfungulia dunia, na kasha lake likamwongezea siku. Lakini Julai 1918 kijana wake wa mwisho, Quentin, aliangushwa na ndege ya vita Ufaransa. Hapo mzee alivunjika. Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, miaka 60. Kermit alikuja kujitoa uhai Alaska 1943.

Bunduki ya Fox ilipitia kwa Kermit na ikakaa kwa familia miaka mingi. Oktoba 2010 ikapigwa mnada Maine, Marekani, ikaenda kwa dola 862,500. Kwa kiwango cha wakati huo hiyo ni karibu Sh70 milioni.

Sasa rudi kwa ile geji 12. Haikuwa saizi adimu. Chuma na mbao ni kama za zingine za daraja lake. Kilichonunuliwa ni jina: nani aliishika, na aliishikia wapi. Na hapo wapi ni kwetu. Muhamed na Bakari waliibeba hiyo bunduki juani, na mpaka leo tunawajua kwa jina moja moja tu.

Basi kama kwenu kuna kitu ya guka, iwe mkuki, redio ama kigoda, kaa naye chini kabla hajaenda, umuulize ni ya nani na ilitoka wapi. Uandike majina yote, mawili mawili. Bila hiyo stori, ni chuma na mbao tu.