Salum Abdallah: Aliyeitafuta Kuba Akaipata Morogoro

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka tuandike habari za mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walikimbilia mashujaa wa msituni na wanasiasa, na hilo si ajabu, maana Nyeri yetu haikupungukiwa na watu kama hao. Mimi nimemchagua mwanamuziki, tena si wa hapa kwetu. Ni Salum Abdallah Yazidu wa Morogoro, Tanzania, ambaye mashabiki walimwita SAY, yaani herufi za mwanzo za majina yake matatu. Usiharakishe kufungua ukurasa mwingine. Ngoja nikueleze kwa nini mtu huyu anatuhusu hata sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya.

Salum alizaliwa mwaka 1928. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza kama Kenya yetu. Morogoro ni mji ulio chini ya milima ya Uluguru, na ukitaka kuufahamu fikiria Karatina au Nyeri siku ya soko, mlima ukiwa nyuma na watu wamejaa mbele. Reli ya kutoka Dar es Salaam hupita hapo, na pembezoni mwa mji kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Vibarua walitoka kila upande wa nchi, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani. Waliwezaje kuzungumza, kununua, kuposa na kugombana? Kwa Kiswahili, bila shaka. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuimba na kusikika na wote hakuwa na haja ya kuuliza aimbe kwa lugha gani.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Mwaka 1933 kampuni ya Uingereza iitwayo His Master's Voice ilianza kuleta Afrika santuri zilizopewa alama ya GV. Zilitoka zaidi ya 200 kwa jumla, na nyingi zilikuwa na nyimbo za Kuba kwa lugha ya Kihispania. Mojawapo ya zile za mwanzo mwanzo ni El Manisero, wimbo unaohusu muuza njugu. Huku kwetu nani alijua Kihispania? Hakuna. Lakini watu walizungusha mkono wa gramafoni, mapigo yakaanza, na miguu ikaelewa kabla ya masikio. Kongo walizipenda, Dar es Salaam walizipenda, na kule Morogoro kijana Salum alizipenda kupita kiasi.

Upendo huo ulimpeleka mbali. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akiwa kijana, nia yake ikiwa kupanda meli mpaka Kuba, aende kuuona muziki ule unakotoka. Alifika Mombasa. Safari ikaishia hapo, akarudi kwao. Wewe hebu fikiria aibu ya kurudi mtaani baada ya kuondoka na matumaini makubwa hivyo. Wapo vijana ambao wangenuna maisha yao yote na kusema kwamba bahati imewakataa. Salum hakununa. Kama hawezi kwenda Kuba, basi Kuba itakuja Morogoro.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 20 tu, alianzisha bendi yake. Bendi hiyo iliitwa La Paloma, maana yake njiwa. Jina lilitokana na wimbo wa zamani sana uliotungwa na Mhispania aitwaye Sebastián Iradier, ambaye alikolezwa na mahadhi ya Kuba. Baadaye bendi ikaitwa Cuban Marimba, na hilo ndilo jina lililovuma Afrika Mashariki nzima.

Hapa naomba wanachama wenzangu wa Kiswahili mtege masikio, manake hili jina lina siri ndani yake. Cuban ni neno la Kiingereza, lakini marimba je? Marimba ni neno letu la Kibantu. Watumwa waliochukuliwa kutoka pande za Kongo na kupelekwa Kuba hawakubeba mizigo, lakini walibeba vichwani mwao namna ya kutengeneza ala zao. Wakiwa kule walitengeneza sanduku lenye vyuma vya kubofya kwa vidole, likaitwa marímbula, na likawa linatoa sauti nzito ya chini katika muziki wa Kuba. Ngoma pia ni neno linalojulikana Kuba mpaka leo katika nyimbo za wazao wa Wakongo. Na mambo, dansi iliyovuma duniani miaka ya 1940 na 1950, ina jina ambalo asili yake ni lugha ya Kikongo, ambako maana yake haiko mbali na mambo yetu tunayosalimiana kila siku. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886. Haikupita hata miaka 50, sauti za wajukuu wa watumwa zikarudi Afrika ndani ya santuri. Kwa hiyo Salum alipokuwa akisikiliza muziki wa wageni, kumbe alikuwa anasikiliza ndugu waliopotea wakipiga hodi.

Wasiojua muziki huu huuliza una nini cha ajabu. Jaribu hivi ukiwa hapo ulipo. Piga makofi matatu yaliyoachana, nyamaza kidogo, kisha piga mawili ya karibu karibu, halafu anza tena bila kuchoka. Hayo mapigo matano hupigwa kwa vijiti viwili vinavyoitwa klave, na ala nyingine zote huyafuata kama ng'ombe wanavyomfuata mchungaji. Ukiyapunguza mwendo na kuweka maneno ya mapenzi unakaribia bolero. Kuna pia cha-cha-cha, iliyobuniwa mjini Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jina lake limetokana na mchakacho wa nyayo za wachezaji sakafuni. Na ile rumba ambayo wazazi wetu huisikiliza wakidhani imezaliwa Kinshasa, mama yake ni son ya Kuba.

Salum aliyachukua yote hayo. Lakini maneno hakuyachukua. Siku hizo waimbaji wengi walikuwa wakiimba maneno yanayofanana na Kihispania bila kujua maana yake, ilmradi yasikike ya kigeni. Salum aliimba Kiswahili kilichonyooka, kinachoeleweka na kibarua wa mkonge na karani wa ofisi pia. Aliimba mapenzi, aliimba mafumbo ya kuwachoma wapinzani, na uhuru ulipokaribia aliimba mambo ya nchi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964, na bendi yake ilikuwa na wimbo uliowahusu wanawake wa nchi hiyo mpya, uitwao Wanawake Tanzania.

Sauti yake ilisafirije? Redio ya Dar es Salaam ilianza matangazo mwaka 1951, na mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika. Redio ilihitaji nyimbo za Kiswahili na bendi zilihitaji kusikika, basi wakafaana. Tena kuna mkono wa Kenya hapa. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo nyimbo za Cuban Marimba zilitolewa na lebo ya Mzuri, ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa. Mji uleule ambao ulimzuia asiende Kuba ndio uliokuja kumpeleka katika masikio ya watu wengi. Hiyo ndiyo dunia.

Msidhani mambo yalikuwa rahisi. Morogoro ilikuwa na bendi nyingine kubwa, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, miaka minne kabla ya Salum kuanza. Mji mdogo, bendi mbili, mashabiki moto. Ni sawa na sisi tunavyogawanyika siku ya mpira. Upinzani huo haukumvunja mtu, bali uliwafanya wote wawe wakali. Ndiyo maana mji ambao haukuwa hata makao makuu ya nchi ulisifika kwa muziki kuliko miji mingi mikubwa.

Nilipoisoma rasimu ya habari hii mbele ya wanachama kulizuka ubishi mkubwa. Mwenzangu mmoja alisimama akatupiga na methali, kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwa hivyo Salum ni mwigaji tu asiyestahili kuwekwa kwenye gazeti letu. Wengine wakapiga makofi. Nilikaa nikafikiri sana kwa sababu hoja hiyo si ya kudharau. Lakini jawabu langu ni hili. Kuna kuiga kwa kasuku, na kuna kuiga kwa fundi. Kasuku hurudia alichosikia na hajui amesema nini. Fundi hutazama kiti cha jirani, akarudi nyumbani akachonga chake kwa mti wa shambani kwake, na watu wa kwake wakakikalia. Salum alikuwa fundi.

Na kama kuazima ni kosa, basi hata sisi watu wa Nyeri tuna kesi ya kujibu. Mwomboko, ambao wazee wetu huuchezea kwa fahari siku za sikukuu, unapigwa kwa nini? Kwa kodiani, kinanda cha kuvuta kilichotoka Ulaya, pamoja na karing'aring'a, kile chuma cha mviringo. Hata ule mtindo wa mwanamume na mwanamke kushikana wawili wawili unafanana na dansi za wazungu. Lakini nani leo atathubutu kumwambia guka yangu kwamba mwomboko si wa Agikuyu? Mtu ajaribu aone. Wazee waliuchukua, wakautia maneno yao na hatua zao, ukawa wao. Ndivyo alivyofanya Salum kwa rumba na cha-cha-cha.

Kwa masikitiko, maisha yake hayakuwa marefu. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37 hivi. Yule Iradier aliyetunga La Paloma alikuwa amefariki mwaka 1865, miaka 100 kamili kabla yake. Bendi ya Cuban Marimba haikufa na mwanzilishi wake. Juma Kilaza aliishika usukani na kuiendeleza kwa miaka mingi. Na upande wa wapinzani, Morogoro Jazz, akang'ara Mbaraka Mwinshehe, ambaye naye alichukuliwa na ajali ya barabarani huku kwetu Kenya, karibu na Mombasa, mwaka 1979. Barabara zimetumalizia watu wa maana.

Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, nyimbo zake za mwaka 1955 hadi 1965 zilikusanywa na kutolewa upya Ujerumani. Mkusanyiko huo uliitwa Ngoma Iko Huku. Bibi yangu alipolisikia jina hilo alishtuka, maana katika Gikuyu neno ngoma ni la pepo wabaya, na ilinibidi nimweleze kwamba katika Kiswahili hakuna pepo hapo ila burudani tu. Lakini mimi jina hilo limenigusa kwa sababu nyingine. Huyu ni mtu aliyeanza kwa kuamini kwamba ngoma iko kule, ng'ambo ya bahari. Akamaliza kwa kutuachia neno kwamba ngoma iko huku.

Wenzangu, hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Darasani kwetu hauwezi kumaliza wiki bila kusikia mtu akisema kwamba Nyeri hakuna kitu, heri Nairobi, na aliye Nairobi naye anasema heri majuu. Kutamani kusafiri si vibaya. Binamu yangu wa Nanyuki aliuza gitaa lake apate nauli ya kwenda kutafuta maisha, na simlaumu, njaa haina adabu. Lakini huuma kuona mtu anauza kile ambacho kingemfanya ajulikane. Nyumbani kwetu iko kodiani ya guka, imekaa juu ya kabati inakula vumbi, na kati yetu wajukuu tisa hakuna hata mmoja anayejua kuivuta. Guka akienda, mwomboko wa boma letu utakuwa umekwenda naye. Hivyo nimeanza kujifunza jioni nikitoka shule. Kwa sasa inalia kama mbuzi aliyefungiwa nje, majirani ni mashahidi, lakini vidole vinaanza kukubali.

Ombi langu kwa chama ni moja. Siku ya kufunga shule tusipige kaseti za watu. Tuchukue mwendo wa mwomboko, tutunge maneno ya Kiswahili, na wale wanaojua gitaa waje nayo. Kama kijana wa Morogoro aliweza kuifundisha Kuba Kiswahili, sisi hatuwezi kushindwa na kodiani moja. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mcheza kwao hutuzwa.

Kwa hayo machache natia nanga. Mola ailaze roho ya Salum Abdallah mahali pema.