Mkwawa: Kutoka Lugalo Hadi Mlambalasi

Mtwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ajulikanaye na wengi kwa jina la Mkwawa, alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota, Iringa. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo za Uhehe chini ya utawala mmoja. Alipofariki mwaka 1879, urithi ulizua vita vya ndani, na kijana huyo akakimbilia Ugogo kabla ya kurejea na kukitwaa kiti cha baba yake.

Jina lake lilivuka mipaka tarehe 17 Agosti, 1891. Kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, kilikuwa kikipita Lugalo kwa msururu mrefu, silaha nzito zikiwa zimebebeshwa punda. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani kandokando ya njia. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu kadhaa na mamia ya askari na wapagazi, kabla wengi wao hawajapata nafasi ya kujaza bunduki. Ushujaa wa siku ile husimuliwa kwa mkuki uliokabili bunduki. Pengine lililo kubwa zaidi ni utii wa jeshi zima lililokaa kimya majanini hadi ishara ilipotolewa. Hata hivyo, Wahehe nao walipoteza wapiganaji wengi, hasara isiyozibika kwa urahisi.

Kisasi kilifika tarehe 30 Oktoba, 1894, pale majeshi ya Gavana von Schele yalipoipiga kwa mizinga na kuiteka ngome ya mawe ya Kalenga. Mkwawa hakukamatwa. Kwa takriban miaka minne alipigana vita vya msituni, akihama usiku na mchana, akilishwa na kufichwa na raia ambao vijiji vyao vilichomwa moto kwa sababu yake. Wajerumani walimtawaza ndugu yake, Mpangile, mwaka 1896. Mwaka uliofuata wakamnyonga kwa tuhuma za kumsaidia Mkwawa kwa siri. Zawadi ya rupia 5,000 iliyotangazwa kwa atakayeleta kichwa chake haikuwavuta watu wake kumsaliti.

Tarehe 19 Julai, 1898, akiwa mgonjwa na adui wakiwa karibu, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Suala la fuvu hilo liliingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirejeshe ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta miongoni mwa mafuvu mengi yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bremen, akalichagua moja kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa, njia ambayo wataalamu wameitilia shaka. Mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga hadi leo.