Hertz: Aliyefungua mlango wa redio, akafa bila kuisikia

MWANAFUNZI wa kidato cha sita mjini Kahama anapopima maabara namna saketi ya umeme wa mkondo geu inavyoitikia mabadiliko ya masafa, kipimo anachoandika daftarini ni hezi. Umeme wa gridi ya taifa unaowasha taa za mji huo na kuendesha mitambo ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ni wa hezi 50, yaani hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Redio za FM nazo hutambuliwa kwa megahezi.

Nyuma ya neno hilo yumo mtu aliyeishi miaka 36 tu.

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa Februari 22, 1857 jijini Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria ambaye baadaye alikuwa seneta wa jiji hilo. Akiwa kijana alijifunza useremala na lugha ya Kiarabu. Alianza masomo ya uhandisi, lakini mwaka 1877 alimwandikia baba yake kuomba ridhaa ya kuhamia fizikia. Akakubaliwa. Mwaka 1880 alipata shahada ya udaktari jijini Berlin, chini ya Profesa Hermann von Helmholtz.

Helmholtz ndiye aliyemshawishi kutafuta ushahidi wa nadharia ya James Clerk Maxwell wa Scotland, iliyodai kuwa mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Hertz alipiga hesabu, akaona vifaa vya wakati huo havitoshi, akaiacha kazi hiyo.

Mwaka 1885 aliteuliwa kuwa profesa mjini Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll, binti wa mhadhiri mwenzake. Mwaka huohuo, akiwa na koili mbili za maabara, aliona cheche ndogo zikiruka katika koili ya pili alipoipitishia umeme ile ya kwanza. Wengine wangelipuuza jambo hilo. Yeye alilifuatilia.

Mwaka 1887 alitengeneza saketi ya kurusha mawimbi na kitanzi cha waya cha kuyapokea, chenye mwanya mdogo. Alibadilisha urefu wa waya wa kitanzi hatua kwa hatua, huku akipima urefu wa cheche. Cheche ziliongezeka, zikafikia kilele, kisha zikafifia. Kilele kilitokea pale masafa ya saketi hizo mbili yalipolingana, kama bembea inayopaa juu zaidi inaposukumwa kwa wakati wake. Mchoro wa namna hiyo ndio wanafunzi huuchora hadi leo.

Mwaka 1888, katika ukumbi wa mihadhara wenye urefu wa mita 15, aliyaakisi mawimbi hayo kwa bati la zinki na kupima urefu wake. Baadaye aliyapinda kwa mche mkubwa wa lami. Yalifuata kanuni zilezile za mwanga. Maxwell, aliyefariki mwaka 1879, alikuwa amethibitishwa.

Mwishoni mwa mwaka 1889 mhandisi mmoja alimuuliza kama sauti ya simu ingeweza kupelekwa kwa njia hiyo. Hertz alijibu kuwa mikondo ya simu hubadilika polepole mno, hivyo mawimbi yake yangehitaji vioo vyenye ukubwa wa bara. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kilichokuwa hakijapatikana ni ujuzi wa kuipandisha sauti juu ya wimbi la masafa ya juu, jambo lililofanywa na wengine baadaye.

Wakati huo alikuwa amehamia Bonn. Mwaka 1892 aliugua maambukizi makali kichwani, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Alifariki dunia Januari 1, 1894, akiacha mjane na mabinti wawili, Johanna na Mathilde. Mwaka 1895 Guglielmo Marconi alianza kutuma ishara bila waya nchini Italia.

Jina lake lilifanywa kipimo cha kimataifa cha masafa mwaka 1930. Miaka michache baadaye utawala wa Wanazi uliwabagua watu wenye asili ya Kiyahudi, aliyokuwa nayo Hertz kwa upande wa baba, na familia yake ikahamia Uingereza.

Familia iliondoka, lakini kipimo kilibaki. Leo kila anayetafuta kituo cha redio mjini Kahama hurudia, pengine bila kujua, kazi ya kitanzi kile cha waya cha Karlsruhe: kubadilisha saketi mpaka ilingane na wimbi linalopita.