Mapendo Yenye Utaratibu

Twamkumbuka Mtakatifu Vincent de Paul alipokuwa paroko wa Châtillon, katika Ufaransa, mwaka 1617. Jumapili moja, kabla ya Misa, aliarifiwa kwamba watu wa nyumba moja walikuwa wagonjwa wote, wala hapana wa kuwauguza. Akawaombea msaada mimbarini. Baadaye njia ikajaa watu waliobeba chakula. Padre alifurahi, lakini aliona kwamba kingi kitaoza, na wagonjwa wale watarudia njaa yao. Basi akawakusanya wanawake wa mji, wakakubaliana kuwahudumia maskini wagonjwa kwa zamu, kila mmoja siku yake. Vyama vya namna hiyo vikaenea Ufaransa kabla hajafa mwaka 1660. Nasi tujiulize: parokiani kwetu, zamu ya leo ni ya nani?