Ilya Mechnikov na Walinzi wa Mwili

Je, umewahi kuchomwa na mwiba, kisha pakavimba na kutunga usaha? Ilya Mechnikov, aliyezaliwa mwaka 1845 katika nchi iitwayo leo Ukraine, alieleza sababu yake.

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, aliwadunga miiba watoto wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini. Miili yao hupitisha mwanga kama kioo. Kesho yake aliona kwa hadubini chembe hai zimeuzunguka mwiba. Alitambua kwamba chembe nyeupe za damu yako huvimeza vijidudu vya maradhi. Wengi walimpinga, hata hivyo, mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1916.

Leo madaktari huchukua chembe nyeupe za aina nyingine kutoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu, huzibadili ziitambue saratani, kisha humrudishia mwilini. Baadhi ya wagonjwa hupona, wengine hawaponi. Kazi iliyobaki inakungoja wewe.