Mwalimu na Somo la Misitu

Wengi wetu tunamjua Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa siasa. Hapa namtaja kwa kazi yake ya kwanza, ualimu, na kwa somo moja alilolifundisha kwa wakubwa na wadogo: kutunza ardhi, maji na misitu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha St. Mary's, Tabora. Baada ya masomo ya Edinburgh alifundisha Pugu hadi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Chaki aliiacha, kufundisha hakuacha.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alitoa Arusha tamko kwamba wanyama pori na makazi yao ni dhamana tuliyokabidhiwa. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilianza kufundisha wahifadhi wa Kiafrika.

Lakini darasa lake kubwa lilikuwa vijijini. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikawa na shamba. (Waliosoma miaka ile hawahitaji kukumbushwa uzito wa jembe.) Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kusikiliza bila kutenda hakukuhesabiwa kuwa kusoma. Chakula ni Uhai ilifuata 1975, na Misitu ni Mali 1980.

Kwetu Kyela somo hilo lina uzito wake. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani hadi tambarare yetu, na kila masika twajua ghadhabu yake. Kingo zikifyekwa huko juu, udongo hushuka mashambani mwa mpunga na kuishia ziwani, mahali usipa wanapovuliwa. Choo kilichochimbwa bila kufikiri mahali penye maji ya karibu, hufurika na kuchafua kisima. Na tanuru la matofali lala kuni nyingi kuliko jiko la mama yeyote. Babu asiyejua kusoma na mjukuu wa darasa la nne waliweza kujifunza mambo hayo siku moja.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya pamoja, wengine kwa nguvu. Sehemu nyingi za nchi miti iliyozunguka vijiji hivyo ilikwisha haraka kwa nguzo na kuni, na mashamba ya karibu yakachoka kwa kulimwa bila kupumzishwa. Serikali ile ile ndiyo iliyokuja kufundisha thamani ya msitu. Kwa maoni yangu, Misitu ni Mali ilipaswa kutangulia vijiji, wala si kuvifuata.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.

Mwenzetu yeyote aliye bado na kijitabu cha Mtu ni Afya au cha Misitu ni Mali, aje nacho kwenye mkutano wetu, vijana wa sasa wakione.