TUNAMKUMBUKA MAREHEMU WALTER TULL, MCHEZAJI MPIRA NA ASKARI



Vijana wetu wa Kudha huwataja wachezaji wa Tottenham kama watajavyo jamaa zao. Sisi wanakamati tumeona tuwaeleze habari za mmoja wa zamani, ambaye wengi wao hawajamsikia.

Walter Tull alizaliwa mwaka 1888 huko Folkestone, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa seremala mweusi kutoka Barbados, wa kizazi cha watumwa. Mamake alikuwa Mwingereza. Mama alifariki 1895, baba 1897. Mama wa kambo hakuweza kuwalisha watoto wote, basi Walter, akiwa na miaka 9, na kakake Edward wakapelekwa nyumba ya mayatima London. Huko waliishi kwa msaada, kama tuishivyo sisi. Baadaye Edward alichukuliwa na familia ya Glasgow, akasoma hata akawa daktari wa meno. Walter alibaki, akajifunza kazi ya kupiga chapa, na mpira akaucheza katika timu ya mayatima.

Mwaka 1908 aliingia Clapton, na 1909 Tottenham. Mwaka huo huo, mjini Bristol, watazamaji walimtukana kwa rangi yake. Muda si mrefu akawa hapangwi tena timu ya kwanza. Mwaka 1911 alihamia Northampton, akacheza mechi zaidi ya 100.

Vita vilipozuka alijiandikisha Desemba 1914 katika kikosi cha wachezaji mpira. Alikwenda kwa hiari, maana kulazimishwa kulianza 1916. Mwaka huo alirudishwa kwao mgonjwa kwa mshtuko wa mizinga, akapona, akarudi vitani Somme.

Sasa hapa ndipo penye habari. Kanuni za jeshi zilimkataza mtu asiye wa asili ya Ulaya kuwa afisa wa kuwaamuru Wazungu. Wazee wetu waliyaona hayo: Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza hata mwaka 1925 ilipokabidhiwa Waitalia, na katika KAR maafisa walikuwa Wazungu, Waafrika wakiwa chini yao. Lakini Mei 1917 Tull alipewa cheo cha luteni usu. Wakubwa wake walimpendekeza, na vita vilikuwa vimekwisha kula maafisa wengi. Kanuni ikafumbiwa macho.

Januari 1918, nchini Italia, aliwaongoza askari 26 kuvuka mto Piave usiku, akawarudisha wote salama. Jenerali wake alimsifu kwa maandishi.

Aliuawa Ufaransa tarehe 25 Machi 1918, akiwa na miaka 29. Askari wake mmoja, aliyekuwa golikipa wa Leicester, alijaribu kumbeba chini ya risasi, akashindwa. Mwili haukupatikana. Jina lake limeandikwa ukutani Arras, pamoja na majina ya karibu watu 35,000 wasio na kaburi. Familia za Wabajuni waliopotelewa na watu wao baharini, walipokimbia kwa mashua kuelekea Kenya, hatuna haja ya kuzieleza zaidi.